Ukurasa wa Majaribio

9 Januari

Dada, shikamoo.

Mashine imekubali. Nimehangaika nayo siku tatu, lakini leo asubuhi nimefungua anwani niliyokuandikia hapo chini na ukurasa ukatokea, mweupe, hauna kitu. Kitabu cha Mama kimepata mahali pa kuandikwa.

Wewe ndiye uliyelianzisha hili. Ulisema Mama ana miaka thelathini na moja ya kutengeneza miguu ya bandia, na yote anayoyajua yako kichwani mwake na kwenye vipande vya maboksi. Fundi wa ngozi hajui kukoroga plasta mpaka amuulize, wewe hujui mguu wa nani unavimba lini mpaka umuulize, na akilala na homa siku mbili karakana nzima inashika tama.

Basi hii inaitwa wiki. Ni kitabu cha kwenye mtandao. Kila mmoja wenu anakifungua kwa simu au kwa ile kompyuta ya mezani, anaandika ukurasa, mwingine anauongezea. Nimechagua programu nyepesi kabisa. Hizo nyingine zinataka kumbukumbu ya kuendeshea benki. Hii kila ukurasa ni faili moja tu ya maandishi, na seva ndogo inaibeba bila kutoa jasho. Nimeiweka kwenye mashine ya ofisini kwetu. Huko nafasi ipo mpaka ya kuchezea mpira.

Mwambie Mama asiogope kuharibu. Kila akibofya "hifadhi", maandishi ya kabla yake hayafutiki, yanakwenda kukaa nyuma, na siku yoyote naweza kuyarudisha. Halafu nimemtengenezea ukurasa wa majaribio, wa kuzoesha vidole. Humo aandike chochote, hata matusi, hakuna atakayeusoma.

Nakuandikia kama tulivyokubaliana: barua pepe, si simu. Mimi na wewe kwenye simu tukipita dakika tano tunagombana.

Mdogo wako,
Kitinda

14 Januari

Kitinda, marahaba.

Nimemweleza. Aliposikia "wiki" akauliza, "Ya siku saba? Kwa hiyo Jumatatu inafutwa?" Nikamwambia haifutwi. Akavaa miwani, akaketi, na sasa hatumpati tena mezani. Anaandika kwa kidole kimoja, na kila baada ya sentensi anabofya hifadhi, kama mshonaji anayefunga fundo kila mshono. Nimemwambia si lazima. Amenijibu kwamba umeme hauna adabu.

Ana swali, nakupa kama lilivyo: "Kama mashine ya ofisi yake ni kubwa hivyo, mbona ametafuta programu ya kujibana?" Jibu mwenyewe, wewe ndiye Bwana Seva.

Huku ni vilevile. Vumbi la plasta limeingia mpaka kwenye sukari. Fundi wa ngozi ananuna kwa sababu nimehamisha cherehani yake karibu na dirisha, na sasa mwanga umekuwa mwingi mno, eti. Mwalimu mstaafu, yule wa mguu wa kushoto, anataka mguu mpya. Wa zamani umelika kwenye kisigino. Jana alikuja mama mmoja mgeni, muuza viatu. Fikiria, muuza viatu, na mguu mmoja hana. Alikifunika kigutu chake kwa taulo na hakutaka kulitoa. Mama akamwambia lile neno lake la kila siku: "Siwezi kupima kilichofunikwa." Akakaa naye, hata chai ikapoa, mpaka mwanamke mwenyewe akalitoa taulo.

Mama anakohoa kidogo. Ni hili vumbi tu, usiwe na wasiwasi.

Dada yako

27 Januari

Dada, shikamoo.

Mjibu Mama hivi: mgeni mwenye adabu akikaribishwa kwenye sebule kubwa halali kwenye makochi yote. Ofisi imeniazima nafasi, nami natumia kidogo.

Naona kazi inakwenda. Kuna orodha ya mabadiliko ya karibuni, inanionyesha jina la ukurasa na saa ulipohifadhiwa. Juzi Mama amehifadhi mara mia moja na arobaini kwa siku moja! "Kukoroga plasta." "Mikanda." "Mguu wa Mwalimu." Kusoma sijasoma bado, ofisi imenibana kweli. Lakini nikiona majina yale yanapanda moja baada ya jingine najisikia kama nipo chumba cha pili nasikia tupa yake ikikwaruza.

Kikohozi hicho mpelekeni akapimwe. Vumbi lina miaka thelathini na moja, halijaanza leo.

Kitinda

6 Februari

Kitinda,

Hujambo? Nina tatizo na mwandishi wetu. Mama anaandika kama anavyoongea. Nimefungua "Mguu wa Mwalimu" nikitafuta vipimo vya kikombe, yaani kile kibakuli cha juu ambamo kigutu kinakaa. Nimekuta sentimita mbili tatu, kisha harusi ya Mwalimu, kisha marehemu mkewe alivyokuwa akiimba akifua, kisha mvua ya mwaka fulani, kisha wewe ulipoanguka kwenye pipa la plasta ukiwa na miaka minne. Fundi wa ngozi amesoma akarudisha simu mezani. "Dada, mimi nimeomba urefu, nimepewa harusi."

Nataka kuzinyoosha kurasa hizi. Vipimo juu, hatua kwa hatua, basi. Lakini naogopa kumfutia mzee maneno yake. Una hakika yale ya mwanzo yanabaki?

Alipimwa. Wamempa dawa na kumwambia apumzike. Unamjua alivyo na kupumzika.

Dada yako

8 Februari

Dada,

Nyoosha bila hofu. Ndiyo uzuri wa wiki. Unachokifuta wewe leo kimekaa nyuma ya ukurasa na tarehe yake, kizima, kama nguo ya zamani sandukuni. Siku Mama akiuliza "harusi iko wapi?", nabofya mara moja inarudi. Kata, panga, weka namba.

Nafurahi dawa zimepatikana. Nimeongea naye juzi asubuhi, sauti ilikuwa chini kidogo.

Kitinda

21 Februari
(Haikutumwa)

Dada,

Seva imezimika leo mara tatu, na safari hii nimechoka kudanganya, kwa hiyo nakuandikia.

Hakuna ofisi, Dada. Tulipunguzwa Juni mwaka jana, watu kumi na wanane, tukakabidhiwa barua kwenye korido tukiwa tumesimama. Mashine kubwa ninayokusifia ni kisanduku kidogo kama tofali. Nilikiokota kwenye takataka za ofisi siku wanafunga milango. Kipo chini ya kitanda changu, nimekiinua juu ya ndoo iliyopinduliwa kwa sababu mvua ikinyesha maji yanaingia. Ndiyo maana nilitafuta programu nyepesi. Nyingine isingewaka.

Sasa hata hiyo imeshindwa. Kila Mama akifunga fundo lake, mashine inaweka nakala ya ukurasa mzima. Nimehesabu: nakala elfu tisa na zaidi. Kadi ya kuhifadhia imejaa pomoni, kurasa zinagoma kufunguka. Nimezifuta nakala zote za zamani na nimeuzima kabisa mtambo wa kuziweka. Kabla ya kufuta nilifungua ukurasa mmoja, nikaona umenyooka, una namba, safi. Nikasema, kama wa sasa ni huu, wa zamani wa nini?

Ninapaswa kukuambia. Lakini nikikuambia la kadi itabidi nikuambie la ofisi, na la ofisi likifika kwako limefika kwa Mama. Anawaambia wateja kwamba mwanawe anaendesha mashine za watu wakubwa. Nimemsikia mwenyewe kwenye simu akisema hivyo, nami nimekaa kitandani bila shati, mtoto wa jirani analia nyuma ya ukuta na foleni ya ndoo iko bombani chini ya dirisha langu.

Kesho nitakuandikia vizuri.

22 Februari

Dada, shikamoo.

Nimefanya matengenezo madogo kwenye seva, sasa inakwenda kwa kasi. Ofisi wamefurahi.

Kitu kimoja cha kuchekesha: kwenye orodha naona Mama bado anarudi kwenye ukurasa wa majaribio. Mwezi mzima sasa! Mwambie vidole vimeshazoea, aache kuuchezea ule, aandike kwenye kurasa za kweli ambazo watu watazisoma. Nafasi ni mali.

Kitinda

3 Machi

Kitinda,

Ujumbe wako nilimpa siku ya pili yake. Alicheka, akacheka, mpaka akapaliwa na tukampa maji. Nikamuuliza kinachochekesha ni nini, akasema, "Mdogo wako ni mtu wa mashine kweli." Hajaugusa tena ukurasa huo.

Nimeshanyoosha kurasa thelathini na mbili. Fundi wa ngozi sasa anafanya kazi ameegemeza simu kwenye kopo la gundi, anasoma hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mara ya kwanza tangu nimfahamu hakunung'unika siku nzima. Mama aliziangalia kurasa zangu. Alisema, "Zimependeza. Zimekuwa kama fomu." Sikujua kama ananisifu.

Anauliza, ofisi haitoi likizo? Ameniambia nikuulize hivyo hivyo, bila kuongeza neno.

Dada yako

5 Machi

Dada, shikamoo.

Likizo ipo, ila si sasa. Kuna mradi mkubwa, bosi ananitegemea. Mwambie mwezi wa tano, Mungu akipenda, nitakuja na nitakaa wiki mbili.

Kitinda

19 Machi, asubuhi

Kitinda,

Mama amelazwa. Si vumbi. Halikuwa vumbi tangu Desemba, ni mapafu, na daktari alishasema. Alinikataza nisikuambie, aliniapisha nikiwa nimeshika tupa yake, na mimi nikatii kama mjinga. Leo nimevunja kiapo. Njoo.

Dada yako

19 Machi, mchana

Dada, naomba ruhusa leo leo. Nitakuja wiki ijayo, kabla ya Ijumaa. Mwambie nakuja.

Kitinda

11 Aprili

Kitinda,

Leo ni siku ya kumi na tatu tangu tumzike.

Wateja walikuja wote. Wengine niliwatambua kwa mlio wa mguu kabla sijainua macho, maana kila mguu uliotoka mikononi mwake una mlio wake. Muuza viatu alifunga duka. Watu wakaniuliza, "Yule wa kompyuta yuko wapi?" Nikasema ofisi imemnyima ruhusa, kama ulivyonieleza kwenye simu kabla sijaikata. Ofisi gani inamnyima mtu kumzika mama yake? Sikuuliza siku ile, nauliza leo. Sitaki jibu zuri.

Alikusubiri. Kila mlango wa wodi ulipofunguliwa aligeuza shingo. Nakuambia si kwa kukuumiza, ingawa nataka uumie kidogo.

Sasa kazi. Mguu wa Mwalimu umekataa. Fundi wa ngozi aliufuata ukurasa wangu neno kwa neno, akapima, akamimina kikombe, akakaza mikanda tundu la tatu. Baada ya siku nne Mwalimu amerudi na kidonda. Hakulalamika, unajua alivyo. Alisema tu kwamba Mama alikuwa na jinsi yake ya kumpima, na yeye mwenyewe haijui, kwa sababu kila mara alikuwa anaongea. Nilipolala nikakumbuka. Katikati ya ile habari ya harusi kulikuwa na kitu kuhusu kupima, mistari kama sita, na mimi niliikata kwa sababu ilikuwa katikati ya wimbo wa kufulia.

Ulisema unabofya mara moja tu. Basi bofya. Rudisha kurasa zote thelathini na mbili kama alivyoziandika mwenyewe. Wa Mwalimu ni kwa ajili ya kidonda. Nyingine ni kwa ajili yangu. Nataka kusoma upuuzi wake wote, wa mvua, wa pipa la plasta, wote. Nilikuwa na haraka nikiwa naye.

Dada yako

13 Aprili

Dada,

Hazipo.

Nilizifuta mimi, tarehe ishirini na moja Februari, nakala zote, na nilizima uwekaji wake. Kadi ilikuwa imejaa. Ulipokuwa unanyoosha ukiamini ya zamani yapo nyuma, nyuma hakukuwa na kitu. Nimejaribu siku mbili kuichimba kadi kwa kila njia ninayoijua. Juu ya yale yaliyofutwa kumeshaandikwa mengine.

Kadi ilijaa kwa sababu ni ndogo. Ni ndogo kwa sababu mashine ni mbovu, niliiokota. Niliiokota kwa sababu kazi iliisha Juni mwaka jana na sijapata nyingine. Nakaa kwenye kibanda cha mtu nabadilisha vioo vya simu. Hakuna bosi, hakuna mradi. Seva ya Mama ipo chini ya kitanda changu.

Ulipoandika njoo, sikwenda kuomba ruhusa kwa mtu. Nilikwenda kwa rafiki kuazima suti, nije nimevaa kama mtu. Suti nilipata siku hiyohiyo. Nauli nilipata siku ya kumi, na wewe ulikuwa umeshapiga simu. Baada ya hapo niliona ni afadhali uniite mwana mbaya mwenye kazi kuliko mwana mbaya asiye na kazi. Ndivyo nilivyofikiri, Dada. Suti bado imening'inia mlangoni, kila nikitoka inanigusa bega.

Sijui niombe radhi kwa lipi kwanza.

Kitinda

15 Aprili

Nimesoma barua yako karakana, nimesimama, na nimeshindwa kukaa.

Kazi kupotea si dhambi. Ungeniambia Juni ningekutukana kwa dakika tano kisha ningekwambia rudi, benchi lipo. Ungeniambia Februari kwamba mashine imejaa, nisingefuta hata nukta ya mwanamke yule. Kila mstari niliokata nilijisemea "upo nyuma". Nilimkata mama yangu kwa mkono wangu, vipande thelathini na mbili, nikaweka namba. Kwa sababu wewe ulikuwa unaona aibu.

Nami niliapa kwenye tupa nikakuficha ugonjwa. Najua. Usinikumbushe.

Usiniandikie mpaka uwe na kitu cha kuniambia.

18 Aprili

Dada,

Nina kitu.

Baada ya barua yako nilikaa nikafungua kila faili iliyobaki, moja baada ya nyingine, nikisoma kwa mara ya kwanza. Ndiyo, kwa mara ya kwanza. Miezi mitatu zilikuwa sentimita chache kutoka mgongoni kwangu ninapolala. Zako zote zimenyooka, nimezisoma hata hivyo. Halafu mwisho wa orodha nikauona ukurasa wa majaribio. Wewe hukuunyoosha kwa sababu ulikuwa wa kuchezea. Mama hakufuta neno, alikuwa akiongeza tu chini, kwa hiyo umebaki mzima. Nakunakilia kama ulivyo.

"Majaribio. Moja mbili tatu. Mwanangu kasema niandike chochote, haya, hiki ndicho chochote.

16 Januari. Kitinda, hapa naona ni mahali petu wawili, dada yako hapatazami. Nina neno ambalo kwenye simu siliwezi. Kila nikikupigia saa nne asubuhi, saa ya kazi, nasikia mtoto analia na ndoo zinagongana bombani. Ofisi gani hiyo ina mtoto na ndoo? Sikuulizi ili nikuaibishe. Nakuuliza ili upumzike kusema uongo, unachosha.

30 Januari. Hujajibu. Najua unasoma, wewe ndiye mwenye mashine. Sikiliza. Watu wote wanaoingia hapa mara ya kwanza wanaficha. Anakuja na taulo, anakuja na koti siku ya jua. Mimi nasema siwezi kupima kilichofunikwa, na nasubiri. Kuna mmoja nilimsubiri miezi miwili. Nawe nakusubiri, ila safari hii sina miezi mingi.

7 Februari. Leo nimempima Mwalimu. Mwanaume yule akiguswa anabana pumzi, paja linakuwa gumu kama ubao na kipimo kinadanganya. Muulize habari za mkewe. Akianza kuimba ule wimbo wa kufulia, nyama inalegea, hapo ndipo upime, na mkanda ni tundu la pili si la tatu. Nimeliandika na kule kwenye ukurasa wake. Nakuandikia na wewe kwa sababu nawe ulikuwa hivyohivyo ukichomwa sindano.

12 Februari. Naumwa kuliko anavyokuandikia dada yako. Mimi ndiye niliyemkataza, usimlaumu. Nakujua, ukisikia utahangaika kutafuta nauli na suti ya kuazima ili uingie hapa kama bosi. Sitaki bosi. Mabosi ninao, wananidai miguu. Ukija na kaptula yako ya kuogea nitafurahi.

19 Februari. Labda umekasirika. Basi usijibu, wewe njoo tu, na jibu utakuja nalo.

23 Februari. Dada yako ameniletea ujumbe wako, eti niache kuuchezea ukurasa huu, niandike kwenye kurasa za kweli. Nimecheka mpaka nimepaliwa. Kumbe mwezi mzima nimebisha hodi na mwenyewe hayumo ndani! Haya baba, naacha. Nakwenda kwa Mwalimu, yeye angalau anafungua."

Ndiyo mwisho, Dada. Baada ya hapo hakuna kitu.

Ukurasa huu ulikuwa kwenye orodha. Niliona jina lake likipanda kila baada ya wiki na nikatuma ujumbe aache. Ningebofya mara moja tu.

Mkanda wa Mwalimu ni tundu la pili. Nimekuwa nikilia tangu asubuhi na mtoto wa jirani amenyamaza kunisikiliza.

Kitinda

19 Aprili

Kitinda,

Nimesoma. Nimemsomea na fundi wa ngozi. Amegeukia cherehani yake na hajashona kitu.

Hata mimi sikuufungua. Nilikuwa nakaa naye meza moja, namwona anaandika, na ni mimi niliyeupeleka ule ujumbe wako kwa mdomo wangu. Hili tutaligawana, si lako peke yako.

Mwalimu anakuja Alhamisi, tunapima upya. Fundi wa ngozi atashika kipimo, mimi nitamuuliza habari za mkewe. Anahitajika mtu wa kuandika, neno kwa neno, harusi, mvua na vyote, bila kunyoosha.

Nauli nimeituma leo, usibishane nami. Njoo na hicho kisanduku, tutakiweka juu ya kabati la tupa ambako maji hayafiki. Suti mrudishie mwenyewe.

Dada yako